Mwaka Tuliopima Mapengo ya Anga

Siku tuliyomzika Mwalimu Mbonea mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na turubai la msibani pale Mwenge lilikuwa limebonyea katikati kwa maji. Vijana walilisukuma kwa mpini wa fagio ili yamwagike pembeni. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, kiti cha tatu kutoka mlangoni, nikimsikiliza mshereheshaji akiwaita watu mmoja mmoja waseme neno juu ya marehemu. Alipomwita Profesa Nassoro Salim, aliyeruka kutoka ng'ambo kwa ajili ya mazishi, sikugeuka. Nilimtambua kwa sauti. Imekuwa nzito, lakini bado ana ile tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo analolijua kuwa watu watalipenda. Alisema kwamba kazi yake yote ya maisha ilianzia kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba yake kule Temeke, katika mwaka mmoja tu, akiwa kijana asiye na ajira, yeye na kompyuta mbovu na mwalimu aliyemwamini. Watu wakapiga makofi. Baadaye, tulipokuwa tukinawa mikono kwa ajili ya chakula, akanijia. "Zuhura," akasema, "hujabadilika. Ule mwaka tulikuwa na raha sana, eti?" Nikamwambia pole na msiba. Tangu siku hiyo neno hilo, raha, halinitoki kichwani. Maana ni kweli. Tulikuwa na raha, na ndiyo maana lililofuata liliniumiza kiasi kile.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumemaliza shahada zetu za fizikia na serikali ilikuwa haiajiri. Viwanda vilikuwa vikiuzwa, watu wazima walikuwa wakirudi nyumbani mchana wakiwa na barua za kupunguzwa kazini, na kaka yangu Shabani, niliyekuwa nikiishi kwake, alikuwa mmoja wao. Aliyemwokoa ni Mzee Salim, baba yake Nassoro, mfanyabiashara wa Kiarabu ambaye familia yake ilikuwa Temeke tangu zamani. Biashara ilipofunguliwa, Mzee Salim aliacha kuuza khanga akaanza kuleta kontena za vitu vilivyotumika kutoka Dubai: majokofu, televisheni, redio, na mara moja moja kompyuta. Akamweka Shabani kaunta. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikienda pale kila baada ya adhuhuri kufanya kazi na Nassoro, nilikuwa nikienda mahali ambapo kaka yangu yupo, na hakuna jirani aliyekuwa na la kusema.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka, kikipakana na ua. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, na kuta zake zilizibwa nusu na majokofu yaliyokuwa yakisubiri fundi, kiasi kwamba ukitaka kupita ulijikunja ubavu. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani ambayo cherehani yake iliuzwa. Kioo chake kilikuwa na doa la kijani pembeni ambalo halikutoka kamwe. Upande wa pili wa mlango, uani, alikaa mama yake Nassoro, Bi Rukia, na jiko lake la mkaa, na harufu ya chochote alichokuwa akipika ilitufikia kabla ya sauti yake: mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, bajia. Hakutuacha tushinde na njaa hata siku moja. Alikuwa akisukuma mlango kwa mguu, sinia mkononi, na kuuliza, "Haya, wasomi, mmefika wapi na hayo mapengo yenu?" Mara ya kwanza alipolisikia neno hilo alidhani ni meno tunayoyazungumzia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza ghafla na kuniambia nimweleze kweli, taratibu, na mimi nikamweleza.

Nilimwambia kwamba nyota hazikutawanyika ovyo. Zimekusanyika kwenye galaksi, na galaksi nazo, ukizipanga kwenye ramani kulingana na umbali wake, hujipanga kama kuta na kamba ndefu, na kati ya kuta hizo kuna sehemu kubwa mno ambazo karibu hazina kitu. Hizo ndizo mapengo. Mwalimu Mbonea, aliyetufundisha chuoni, alikuwa na rafiki ng'ambo aliyemtumia sidii yenye orodha ya maelfu ya galaksi na umbali wake, naye akatupa sisi wawili, kwa sababu hatukuwa na kazi na kwa sababu, kama alivyosema, akili isipolishwa huanza kujitafuna. Mwaka uleule ndipo habari zilipofika kwamba nyota zinazolipuka mbali sana zimeonekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, maana yake ulimwengu hautanuki tu, bali unazidi kutanuka kwa kasi. Kulikuwa na kitu kinachousukuma. Siku zile hata jina lake lilikuwa halijatulia. Leo wanakiita nishati ya giza. Mwalimu alituletea nakala ya makala hiyo ikiwa imekunjwa mfukoni mwa shati, akasimama katikati ya majokofu akaisoma kwa sauti, na alipomaliza akauliza, "Mnaonaje? Mapengo yenu yanaweza kutuambia lolote kuhusu hili?"

Swali hilo lilitushika miezi. Wazo lenyewe ni jepesi kulisema. Umbali wa galaksi tunaujua kwa jinsi mwanga wake ulivyovutika kuelekea wekundu, lakini kuugeuza wekundu kuwa umbali lazima kwanza ukisie ulimwengu umetanuka vipi. Ukikisia vibaya, ramani yako yote inavutika au inabonyea kuelekea kwetu, na vilivyo duara vinakuwa kama yai. Kwa hiyo ukiwa na kitu unachojua ni duara, unaweza kujaribu makisio mbalimbali mpaka kirudi kuwa duara, na hapo umejua ulimwengu umetanuka vipi. Shida ni kwamba mapengo hayakuwa duara. Tuliyapima moja moja, na umeme wa mgao ukikatika tuliyapima upya, na kila moja lilikuwa na umbo lake: moja kama mhogo, jingine kama sahani, jingine kama kiatu. Nassoro alikata tamaa. Alisukuma kiti nyuma akasema, "Mie nimechoka, Zuhura. Hivi vitu havina adabu." Nikamjibu bila kufikiri sana, "Basi tusiviangalie kimoja kimoja. Tuvipange kimoja juu ya kingine, katikati kwa katikati. Kila pengo lina umbo lake, lakini yakiwa mengi hayana sababu ya kurefukia upande wetu, kwa hiyo jumla yake lazima iwe duara. Kwani sie ni nani hata yatuelekee?" Alinitazama, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akapiga bati la jokofu kwa kiganja kama ngoma, na Bi Rukia akaita kutoka uani akiuliza nani kafa.

Naikumbuka alasiri ile kwa uwazi kuliko siku ya ndoa yangu. Tuliyapanga, na yalipokusanyika pamoja umbo likaanza kutulia kwenye kioo, duara lenye giza katikati na ukingo mweupe. Lilikuwa limerefuka kidogo. Nassoro akaruka akisema ndiyo hiyo, ndicho kile kinachosukuma, tumekishika. Mimi sikuruka. Kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini mpaka mwezi wa mfungo, nikiwa na njaa na kichwa chepesi, nilipoelewa kwamba galaksi za ukingoni hazikutulia, na mwendo wake unalirefusha umbo hata bila msukumo wowote. Nilishinda siku nyingi nikitafuta namna ya kuliondoa kosa hilo, kalamu na karatasi, huku Nassoro akiuza redio mbele pamoja na kaka yangu kwa sababu biashara ya sikukuu ilikuwa imepamba moto. Nilipomaliza nilimweleza. Akatikisa kichwa kama mtu anayefuatilia. Akaniambia, "Wewe endelea, mie nakuamini." Wakati ule niliipokea kauli hiyo kama heshima. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu akikuamini ni kwa sababu amekuelewa.

Niseme wazi, kwa sababu msibani watu walipiga makofi kana kwamba tuligundua kitu: hatukuithibitisha nishati ya giza. Orodha yetu ilikuwa ndogo mno na shaka ya vipimo vyetu ilikuwa kubwa kuliko kipimo chenyewe. Tulichokuwa nacho ni njia. Leo, ramani za anga zikiwa zimekua kupita tulivyoweza kuota, kuna watu katika nchi nyingi wanaopanga mapengo juu ya mapengo na kupima umbo lake kwa ajili hiyohiyo. Hawakutuibia, walifika wenyewe kwa akili zao. Nikisoma habari zao moyo wangu hufurahi. Aliyeniumiza hakuwa mgeni.

Baada ya sikukuu Mwalimu Mbonea alikuja dukani akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari. Yule rafiki yake alikuwa na nafasi moja ya kumsomesha mtu ng'ambo, na aliiona kazi yetu, na aliipenda. Nafasi ilikuwa moja. Nilikuwa uani na Bi Rukia, tukimtengenezea mgeni kahawa. Bi Rukia alinipa sinia, vikombe na sahani ya kashata, akarudi kwenye jiko lake kugeuza samaki, nami nikaingia kwenye ule ujia mwembamba kati ya ua na chumba. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani walikuwa wamekaa Nassoro, kaka yangu na mgeni. Nikamsikia mwalimu akisema, "Nilitaka nizungumze na Zuhura mwenyewe, lakini kwa kuwa kaka yake upo, nianze na wewe." Na kaka yangu, Shabani, bila hata kumeza mate, akajibu, "Mwalimu, Zuhura ana mchumba. Mahari imeshazungumzwa. Ng'ambo hatumpeleki."

Sikuwa na mchumba. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka, kama mpumbavu, kama labda ninaye. Nikasikia kiti cha mwalimu kikigeuka. Kisha akauliza, "Nassoro, unalijua hilo?" Nassoro akakohoa kile kikohozi chake. "Nimesikia, mwalimu." "Na kazi hii? Nataka uniambie ukweli, maana wataniuliza. Hii njia ya kuyapanga, na haya masahihisho, ni ya nani?" Kwa mbele ya duka mteja alikuwa akijaribu redio, ilikwaruza, ikashika taarabu, ikazimwa. Nikawa nasubiri. Nilikuwa na uhakika wa jibu kama nilivyokuwa na uhakika wa sakafu niliyokanyaga. "Ni yangu," Nassoro akasema. "Zuhura alikuwa ananisaidia kuchapa." Mwalimu akasema, "Basi, jina litakalokwenda ni lako."

Nikasukuma mlango kwa mguu, kama alivyokuwa akifanya Bi Rukia, nikaingia na kahawa. Kila nikiikumbuka siku ile nashangaa kwamba sikumwaga hata tone. Nilimwekea mwalimu, nikamwekea kaka, nikamwekea Nassoro. Hakuna aliyeinua macho. Mwalimu akasema, "Ahsante, binti," na alikuwa hajawahi kuniita binti. Siku zote aliniita kwa jina.

Nyumbani nilimuuliza Shabani huyo mchumba wangu ni nani. Alikuwa akivua viatu. "Atapatikana," akasema. "Kaka, umenidanganyia mbele ya mwalimu wangu." Akakunja soksi, mtu mzima aliyewahi kuongoza zamu nzima ya kiwanda, na sasa anafuta vumbi kwenye televisheni za watu. "Zuhura, wewe unaona galaksi, mie naona duka la Mzee Salim. Nafasi moja, mtoto wake anaitaka, na dada yangu anaichukua. Kesho nafungua lile duka kwa uso gani? Na watoto wangu hawa wanakula nini?" Nilimwambia angeweza kuniuliza. Akasema, "Ningekuuliza ungekataa." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kama mtu anayeeleza bei.

Bado nilikuwa na mtu mmoja. Jumamosi nilikwenda kwa Mwalimu Mbonea, nyumbani kwake Mwenge, nyumba ileile ambako turubai la msiba wake lingekuja kufungwa. Mkewe alinipa chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Nilimwomba mwalimu karatasi, nikaandika masahihisho yote kuanzia mstari wa kwanza, bila kuangalia popote, nikimweleza kila hatua. Nilipofika katikati aliweka mkono wake juu ya karatasi. "Inatosha, Zuhura. Najua." "Unajua nini, mwalimu?" "Najua ni kazi yako. Nimekufundisha miaka yote ile. Unadhani sijui unavyofikiri? Nassoro hawezi kuandika hivi hata akipewa miaka kumi." Nilihisi kama nimetolewa majini. Nilianza hata kutabasamu. Nikasema, "Basi utawaambia." Hapo akaiondoa miwani na kuifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema wale wa ng'ambo watamsomesha mtu lakini nauli na kuanza maisha ni juu ya familia, na Mzee Salim yuko tayari. Akasema kaka yangu, ambaye ndiye mlezi wangu, ametamka mbele yake kwamba siendi. Akasema akianza mvutano sasa nafasi yenyewe itapotea, na nchi hii imepewa nafasi ngapi? "Akienda mmoja, njia imefunguka. Mwakani tutakutafutia yako." "Kwa hiyo ulipomuuliza ni ya nani, ulikuwa unalijua jibu?" Akairudisha miwani usoni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, na yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Baba Eliya." Basi. Nikamshukuru mama kwa chai, nikaondoka.

Nimeishi na hao watatu kichwani kwa muda mrefu, na nimejaribu kuwapanga. Kaka yangu aliniuza kwa hofu, na hofu ninaielewa. Nilimuuguza mpaka alipofariki, na hatukulitaja tena jambo lile. Nassoro aliniuza kwa tamaa, na tamaa nayo ninaielewa, kwani hata mimi niliitamani ile nafasi mpaka nikaota baridi ya huko. Lakini mwalimu aliujua ukweli kuliko sisi sote, akaukubali mbele yangu, juu ya viazi vitamu, kisha akauacha palepale mezani. Huyo ndiye aliyenifanya nisiombe tena nafasi popote. Mwaka uliofuata hakunitafutia, nami sikumkumbusha. Nilipata kazi ya ualimu kwenye shule ya sekondari Chanika, kulipokuwa bado na mashamba ya mihogo hadi mlangoni mwa madarasa, nikaolewa na mtu niliyemchagua mwenyewe, na fizikia ninaifundisha mpaka leo. Nilikwenda kumzika mwalimu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Yote mawili ni kweli, na nimeacha kuyalazimisha yakubaliane.

Lakini mwaka wenyewe ulikwisha siku ya chakula cha kumuaga Nassoro. Sikutaka kwenda. Bi Rukia alikuja mwenyewe nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, siku zote hizi hukuonekana, mpaka nimedhani nimekukosea. Njoo unisaidie, wageni ni wengi." Nilitazama uso wake nikaona hajui kitu. Sikuweza kumkatalia. Kesho yake asubuhi nilikuwa uani kwake, katikati ya wanawake wa mtaa, ungo mapajani, nikichambua mchele wa pilau ya mtu aliyeninyang'anya kazi yangu. Wengine walikuwa wakimenya vitunguu, wengine wakitwanga viungo, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya baridi ya ng'ambo na kama huko kuna nyama halali.

Nassoro akatoka chumbani amevaa kanzu mpya. Akachuchumaa mbele yangu, akashusha sauti. "Zuhura, nisaidie jambo dogo. Wakiniuliza kwa nini tulilisahihisha lile umbo kabla ya kulipima, niwajibuje? Nilikuwa nalijua, limenitoka." Nilimtazama. Ningeweza kunyamaza, na miaka mingi nimejiuliza ningekuwa nani leo kama ningenyamaza. Lakini sikuvumilia kazi ile isemwe vibaya. Nikamjibu, ila sikushusha sauti. "Galaksi za ukingoni hazijatulia," nikasema. "Kuta zinazivuta, zinakimbia kutoka katikati ya pengo. Za upande wetu zinatujia, za upande wa pili zinatukimbia. Mwendo wake unaingia kwenye wekundu wa mwanga, sie tukiusoma tunadhani ni umbali, basi pengo linaonekana limerefuka. Usipoutoa mwendo huo kwanza, utakisingizia kile kinachousukuma ulimwengu jambo ambalo hakikulifanya." Mwanamke aliyekuwa akitwanga viungo aliacha kutwanga. Nassoro alikuwa akisogeza midomo, akijaribu kukariri. "Za upande wetu zinatujia," akarudia, "za upande wa pili..." "Zinatukimbia," nikamalizia.

Bi Rukia aliweka mwiko chini. "Nassoro," akasema, "hayo anayokufundisha, ulikuwa huyajui?" "Nayajua, mama. Ananikumbusha tu." Mama yake alimwangalia muda, kisha akanigeukia. "Na wewe, safari yako lini?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote alidhani tunakwenda wote wawili. "Mie sisafiri, mama," nikasema. "Kwa nini?" Nilimtazama Nassoro, na Bi Rukia naye akamtazama, naye Nassoro akatazama pindo la kanzu yake. Mafuta yalianza kuungua kwenye sufuria na hakuna aliyenyanyuka kuyatoa.

Bi Rukia akaja akaniondolea ungo mapajani, akampa jirani yake. "Inuka, mwanangu," akasema. "Chakula hiki hukipiki wewe." Akanishika mkono. Kulikuwa na mlango wa nyuma wa kutokea uchochoroni, lakini hakunipitisha huko. Alinipitisha ndani, kwenye ule ujia, kwenye kile chumba cha majokofu, kisha katikati ya duka ambako wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi wakisubiri dua. Mzee Salim aliinua kichwa. Kaka yangu alisimama nusu, akakaa tena. Bi Rukia hakumtazama hata mmoja, na hakuuachia mkono wangu mpaka tulipofika barabarani, kwenye jua. Alikuwa akihema. Alinishika mashavu kwa viganja vilivyonuka bizari. Kisha akanyoosha mtandio wake, akageuka, akarudi ndani kuwapakulia wageni. Nassoro alikuwa mwanawe.